Amani si kunyamaza: somo la Marafiki kwa nchi ya majanichai

Msafiri anayetoka mjini Kericho akipitia Litein na Sotik hadi Bomet husikia njiani maamkizi ya lugha kadha. Mkipsigis husema "chamge", neno ambalo mzizi wake ni kupenda. Mluhya aliyekuja kuchuma majanichai husema "mulembe", yaani amani. Mgusii wa upande wa pili wa mpaka ana neno "omorembe", ambalo ni ndugu wa damu wa "mulembe". Mjaluo wa Sondu naye akikutakia amani hutaja "kuwe". Mimi hufundisha isimu, na kwa desturi ya kazi hiyo huyapima maneno kabla ya kuyaamini. Hata hivyo nakiri kwamba ni mahali pachache ambapo majirani wa jamii nne hutakiana upendo na amani kwa ndimi nne kila kunapokucha.

Lakini ni ndimi hizo hizo zilizotumiwa kutenganisha watu. Mwaka 1992 Sondu na Londiani zilishuhudia mapigano ya kikabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto uliwaka tena, na safari hii ulifika hadi ndani ya mashamba ya majanichai, katika nyumba walimolala vibarua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote katika majuma yale machache. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno yaliyodhaniwa kuchochea chuki. Miongoni mwake yalikuwamo "madoadoa" na "kwekwe".

Hebu tuyatazame maneno hayo mawili, maana hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Doa ni kitu kilichomwagikia nguo safi, na kazi yake katika sentensi ni kufutwa. Kwekwe ni mmea uliojiotea mahali usipotakiwa, na kazi yake ni kung'olewa. Katika nchi ya majanichai hakuna mtoto asiyejua kinachofanyiwa magugu. Basi anayemwita jirani yake kwekwe amekwisha kuitamka nusu ya kwanza ya sentensi, na nusu ya pili humaliziwa na kijana mwenye panga. Ndiyo sababu nasema kwamba kabla ya mtu kufukuzwa katika boma lake hufukuzwa kwanza katika ngeli ya watu.

Wiki chache zilizopita nililigusia jambo hili darasani, nikataja imani ya Kanisa la Marafiki kuhusu amani. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Bureti, akasimama na kuniuliza: "Mwalimu, hiyo amani yatufaa nini ikiwa ni ya kutuambia tunyamaze?" Sikuwa na jibu fupi. Makala haya ndiyo jibu langu refu.

Tuanze na Marafiki wenyewe. Walitokea Uingereza katikati ya karne ya 17, wakiongozwa na George Fox. Wao walijiita Marafiki, ila waliowadharau waliwapachika jina la Quaker, yaani watetemekaji, na kebehi hiyo ikawaganda hadi leo. Nchini Kenya walifika mwaka 1902, pale Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipofungua misheni Kaimosi, mpakani mwa nchi ya Waluhya na ya Wanandi. Waragoli waliwaita "Avalina", yaani marafiki vilevile. Leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba atawakuta wameketi kimya saa nzima kama wenzao wa Uingereza. Marafiki wetu wana wachungaji, mahubiri na nyimbo.

Wengi hawajui kwamba nchi ya Wakipsigis nayo ina sehemu katika historia hiyo. Hotchkiss hakudumu Kaimosi. Miaka michache baadaye aliondoka na kufungua kituo kingine karibu na Kericho, akakiita Lumbwa Industrial Mission. Jina hilo lina somo lake. Wakipsigis hawakujiita Walumbwa. Hilo lilikuwa jina la Wamaasai kwa watu waliochimba ardhi badala ya kufuga tu, na ndani yake mlikuwa na dharau. Wazungu walilichukua bila kuuliza, wakalibandika hata kwenye stesheni ya reli, ambayo leo twaijua kwa jina la Kipkelion. Kwa hivyo hata aliyekuja kwa jina la urafiki alianza kwa kumwita mwenyeji jina ambalo mwenyeji hakulichagua. Simlaumu kupita kiasi. Wengine wote walifanya hivyo. Natoa mfano tu wa jinsi nia njema isivyotosha ikiwa ulimi haujafunzwa.

Je, Marafiki waliamini nini? Msingi wao ni mmoja: kwamba ndani ya kila binadamu mna kitu cha Mungu, nuru ambayo hakuna wa kuizima. Ukilikubali hilo, mengine hufuata. Kumwua mtu ni kuinyoshea silaha nuru hiyo. Mwaka 1651, Fox akiwa kifungoni Derby, aliahidiwa uhuru na cheo cha ukapteni iwapo angejiunga na jeshi. Alikataa, akaongezewa miezi gerezani. Miaka kumi baadaye, maelfu ya Marafiki walipotiwa mbaroni baada ya maasi ambayo hawakuhusika nayo jijini London, walimwandikia Mfalme Charles wa Pili tamko la kukana vita vyote na silaha zote, kwa sababu yoyote ile.

Imani hiyo ilidhihirika pia katika sarufi. Kiingereza cha wakati ule kilitofautisha nafsi ya pili ya umoja na ya wingi. Mkubwa aliambiwa "nyinyi" hata akiwa peke yake, na mdogo akaambiwa "wewe". Marafiki walikataa. Walimwambia hakimu "wewe" kama walivyomwambia mchunga kondoo, wala hawakuvua kofia mbele ya yeyote. Walipigwa na kufungwa kwa ajili ya kiwakilishi. Walikataa pia kula kiapo mahakamani, wakisema kwamba anayeapa siku moja kusema kweli anakiri kwamba siku nyinginezo si lazima aiseme. Kwao amani, usawa na ukweli vilikuwa kitu kimoja. Huwezi kuvitenganisha ukabaki na amani ile ile.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Swali lake lina mizizi mirefu katika ardhi hii. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilituma msafara wa kijeshi Sotik, ukaua watu wengi na kuteka ng'ombe. Mwaka huo huo, katika nchi jirani ya Nandi, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na afisa Mwingereza katika mkutano ulioitishwa kwa kisingizio cha kuzungumzia amani. Baadaye ardhi nzuri ya Kericho ilitwaliwa, na kuanzia miaka ya 1920 kampuni kubwa za Uingereza zikaifanya mashamba ya majanichai. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ili kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, uliokuwa ukoo wa viongozi wa kiroho. Mamia yao, wake kwa waume na watoto, walipelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, wakaishi huko kwa miongo kadha.

Mtu aliyerithi historia hiyo akisikia neno amani, aghalabu husikia: keti chini, usiulize. Na katika Kenya huru hali haijabadilika sana. Kila uchaguzi ukikaribia, wakubwa huhubiri amani kwa maana ya utulivu, na utulivu kwa maana ya kutowasumbua wao. Wengine basi huishia katika ile methali ya wahenga kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Naielewa hasira iliyomo katika methali hiyo, lakini sikubaliani nayo, na ushahidi wangu ni nchi hii hii. Upanga ulitumiwa 1992, ukatumiwa tena 2008. Ni ekari ngapi za Wakipsigis zilizorudishwa na upanga huo? Waliokatwa hawakuwa wenye mashamba yale makubwa. Walikuwa wachumaji, wachuuzi na wakulima wadogo, yaani Wakenya waliotoka Kisii, Nyanza, Magharibi na Kati kutafuta riziki. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Mara hizo zote tuliposimulia yaliyotokea, tulifanya kosa la pili, na hili ni kosa la lugha. Tulisema "fujo zilizuka", kana kwamba fujo ni uyoga baada ya mvua. Tukasema "nyumba ziliteketea", kana kwamba zilijiwasha. Tukasema watu "walipoteza maisha", kana kwamba waliyadondosha njiani kama funguo. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kumficha mtenda, na sisi tumeutumia uwezo huo kwa ustadi. Sentensi isiyo na mtenda haiwezi kuzaa haki, kwa kuwa haina wa kushtakiwa wala wa kutubu. Ukoloni nao tumeutendea hivyo hivyo: ardhi "ilichukuliwa", watu "wakahamishwa". Na nani? Hapa ndipo amani ya Marafiki inapoachana na amani ya kunyamaza. Yao hutaka mtenda atajwe, kisha asiuawe.

Tena si kweli kwamba kukataa silaha ni kukaa kitako. Mwaka 1787 ilipoundwa kamati jijini London ya kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, tisa kati ya wanachama wake kumi na wawili wa kwanza walikuwa Marafiki. Walikuwa wameanza kulipelekea Bunge malalamiko miaka minne kabla ya hapo. Mwaka 1947 mashirika yao mawili, moja la Uingereza na jingine la Marekani, yalipewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kuwahudumia waathiriwa wa vita bila kuuliza walikuwa wa upande gani.

Hapa kwetu, mwezi Januari 2008, nchi ikiwa bado inaungua, Marafiki wa Kenya walikutana Kakamega kushauriana wafanye nini. Walipeleka chakula kwa waliohamishwa, lakini hawakukomea hapo. Katika miaka iliyofuata waliendesha warsha katika maeneo ya Lugari na Turbo, wakiwaketisha pamoja waliofukuza na waliofukuzwa. Njia mojawapo waliyoitumia ilianzia katika gereza la Green Haven, jimbo la New York, mwaka 1975, pale wafungwa walipowaomba Marafiki wawafunze kuishi bila mapigano. Jambo la kwanza katika warsha hizo ni la kushangaza kwa usahili wake. Kila mtu hujipa sifa njema inayoanza kwa sauti ile ile ya jina lake, na siku zote za warsha huitwa hivyo: Jasiri Joseph, Mpole Mary. Huenda ukacheka. Mimi sikucheka nilipoelezwa, kwa sababu nililiona neno "kwekwe" likipinduliwa. Aliyeitwa doa jana leo anaitwa Mpole, na anayemwita hivyo ni mtu wa jamii iliyomfukuza. Ni vigumu kidogo kumkata mtu ambaye umemtamka kwa sifa yake siku tatu mfululizo.

Sitaki kuwapaka Marafiki mafuta kwa mgongo wa chupa. Wao wenyewe wamegombana. Mkutano wao mkuu wa Afrika Mashariki, ulioundwa mwaka 1946, uligawanyika mara kadha kwa ugomvi wa uongozi na mali. Wala siamini kwamba muumini wao hawezi kushawishiwa na mwanasiasa wa kabila lake kama muumini wa dhehebu lolote. Imani haimkingi mtu. Humpa tu kipimo cha kujihukumu. Lakini kipimo chenyewe ni kizuri, na si lazima uwe Rafiki ili ukitumie.

Tukijaribu katika jambo lililo karibu nasi. Mwezi Mei 2023 waandamanaji katika mashamba ya Kericho walichoma mashine za kuchumia majanichai. Mashine moja hufanya kazi ya vibarua wengi, na mtu aliyelelewa kwa mshahara wa majani mawili na kichipukizi ana haki ya kuuliza wanawe watakula nini. Wapo walioshangilia, wakasema kwamba chuma hakina damu. Ni hoja yenye uzito: kuchoma mtambo si sawa na kuchoma nyumba yenye watu. Lakini katika purukushani zile mtu mmoja aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Moto ulianza kwa chuma ukaishia kwa nyama. Ndivyo ulivyo moto, hauheshimu mpaka tuliouchora sisi.

Kwa upande wa pili, aliyewaambia vibarua hao "dumisheni amani" kisha akaenda zake hakuwapa amani yoyote. Kipimo cha Marafiki kingedai mambo mawili kwa pamoja: mashine isichomwe, na mwenye mashine asiachwe apumue mpaka ajibu. Mgomo upo. Mazungumzo ya vyama vya wafanyakazi yapo. Malalamiko ya maandishi yapo. Mwaka 2019 Wakipsigis na Watalai walipeleka kilio chao cha ardhi mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu wa umoja huo waliitaka Uingereza itoe maelezo. Ni njia ndefu, tena haina hakika. Wafanyakazi waliovamiwa katika shamba la Unilever wakati wa ghasia za uchaguzi walifika hadi Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, na mwaka 2018 wakaambiwa kesi yao haiwezi kusikilizwa huko. Sitawaficha wasomaji kwamba wasiotumia nguvu hushindwa mara nyingi. Lakini tazama tofauti. Katika malalamiko yale ya 2019 mtenda ametajwa kwa jina, na hakuna mchumaji aliyekatwa ili atajwe. Katika ghasia za 2008 walikatwa wachumaji, na mtenda wa 1934 hakutajwa kabisa.

Hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi wa Bureti. Amani ninayoitetea haikuambii unyamaze. Hukuambia useme zaidi ya ulivyowahi kusema, useme kweli, umtaje aliyekutenda bila kumpunguzia na bila kumwondoa katika ngeli ya watu. Ni kazi ngumu kuliko kushika panga. Panga halihitaji sarufi.

Kwenu walimu nina ombi. Shule zilizo katika mashamba ya majanichai zina bahati ambayo shule nyingi hazina: katika dawati moja huketi mtoto wa Mkipsigis, wa Mgusii na wa Mluhya. Mwaka 2027 twaenda tena kupiga kura. Msingoje hadi wakati huo ndipo mhubiri amani katika gwaride la asubuhi. Anzeni katika kipindi cha Kiswahili. Wapeni wanafunzi sentensi "nyumba ziliteketea", mwaombe wamtafute mtenda. Wapeni neno "madoadoa", mwaulize mtu aliyeitwa hivyo alikuwa na jina gani nyumbani kwao. Wafunzeni kuamkiana kwa lugha ya anayeamkiwa, si ya anayeamkia. Na pale mtoto atakapouliza ardhi ya babu yake ilikwenda wapi, msimwambie hayo ni ya kale. Mwambieni ukweli, pamoja na mwaka na jina, kisha mfundisheni namna ya kuandika barua.

Wanafunzi nao wasidhani kwamba haya ni ya wazee. Mwanasiasa mmoja alipolitamka neno "madoadoa" katika mkutano wa Eldoret mwezi Januari 2022, alikamatwa, baadaye akaomba msamaha. Lakini uwanja ulikuwa umejaa watu, na wengi wao walikuwa vijana. Siku mtakapolisikia tena neno kama hilo jukwaani, hamtahitaji jiwe wala rungu. Itatosha mmoja wenu asipige makofi, na jirani yake amwone.